Dawa ya Moto ni Moto



Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, katika mwaka wetu wa kwanza hapa Sydney, tuliamka tukakuta Blacktown imegubikwa na moshi. Sisi tuliotoka Kivu twajua moshi wa alfajiri una maana gani. Tuliwaamsha watoto, tukafunga mizigo, tukasimama mlangoni tukitega masikio tusikie milio ya bunduki. Mzee wa nyumba ya jirani alituona na mabegi yetu, wala hakucheka. Alitueleza kwamba moto ule uliwashwa na zimamoto wenyewe, huko kwenye misitu ya Blue Mountains.

Tulistaajabu, kisha tukaelewa. Majani ya mikaratusi yana mafuta yanayowaka upesi, na magome na matawi makavu hurundikana chini ya miti mwaka hata mwaka. Basi majira ya baridi, upepo ukiwa umetulia, huchomwa kidogo kidogo ili moto wa kiangazi ukose chakula. Wenyeji wa asili wa nchi hii waliijua kazi hiyo maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kufika. Nasi pia, nyumbani, tulichoma majani ya pembeni mapema ili kulinusuru shamba.

Hata hivyo, dawa hii ina mipaka. Katika kiangazi cha 2019 hadi 2020, baada ya ukame mrefu, moto wa Gospers Mountain peke yake uliteketeza zaidi ya hekta 500,000. Katika jimbo zima la New South Wales watu 26 walifariki na nyumba zaidi ya 2,400 ziliungua. Siku ya joto kali na upepo, moto huweza kupita hata mahali palipokwisha kuchomwa. Na moshi wa Mei nao huwatesa wenye pumu. Mtoto wetu mmoja ni shahidi.

Kwa hiyo, moshi ukitanda, twafunga madirisha, twaweka dawa yake karibu, kisha twauliza: je, huu ni moto uliotumwa au uliotoroka? Ukiwa umetoroka, twapiga 000.

Mabegi yale hatukuyatupa. Sasa twaishi karibu na msitu, na kila Septemba twayapanga upya: vyeti, dawa, maji, picha za wazee wetu. Safari hii twajua twajiandaa kwa ajili ya nini.