Siku ya Bagamoyo

Safari ya Bagamoyo ilianzia jikoni, usiku wa kuamkia siku yenyewe. Mama alisukuma chapati mpaka saa nne, sisi watoto tukijifanya tumelala. Tulikuwa tunakaa Magomeni, Dar es Salaam, na Bagamoyo iko kaskazini, mwendo wa kilomita 70 hivi. Lakini katika miaka ya 1980 njia ilikuwa vumbi na mashimo. Basi lilijaa watu, kuku na magunia, na ukishuka nywele zimegeuka nyekundu. Masika yakianza, hakuna aliyetaja tena kwenda.

Tukishuka, moja kwa moja kwa shangazi, nyuma ya Mtaa wa India. "Shikamoo shangazi!" "Marahaba wanangu, poleni na njia. Naweni nyuso kwanza." Alitupa uji wa mchele, akajitanda kanga, kisha akatutoa matembezi. Matembezi yake yalikuwa ya hodi. Kila baada ya nyumba mbili alisimama kwenye mlango wa nakshi, akabisha, tukaamkia wazee, tukapewa kashata au embe. Hadithi za mji tulizipata hapo barazani, kwa watu waliozirithi kwa bibi zao.

Shangazi alikuwa Mwislamu wa swala tano, ila Misheni aliingia kama anaingia kwake. Tulipita chini ya miembe mikubwa mpaka kwenye mbuyu uliopandwa na mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868. Wakati huo walikuwa wakiwakomboa watumwa kwa fedha na kuwajengea kijiji. Sisi tulichokifuata ni mnyororo. Bibi mmoja wa Kifaransa aliufunga kwenye shina ili amtie kamba punda wake, akausahau, na mti ukaendelea kunenepa ukaumeza. Tulisukumana kuzigusa pete zilizobaki nje.

Kwenye mnara wa kanisa la zamani ndipo ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874, kabla ya kusafirishwa Uingereza. Shangazi alimtaja Livingstone mara moja tu. Waliobaki mdomoni mwake ni Chuma na Susi, kwa kuwa wao na wenzao ndio waliombeba miezi mingi kutoka Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mpaka pwani. Namshukuru mpaka leo kwa hilo.

Ngome Kongwe alitupitisha haraka, kila mara. Nilipotimiza miaka 12 ndipo aliponiketisha ufukweni, peke yangu, akanieleza habari za misafara: pembe za ndovu mabegani, watu shingoni wamefungwa, majahazi yakisubiri kuwavusha Unguja. Alisema kwa sauti ya chini. Halafu akaninunulia pweza wa kukaanga, tukala kimya.

Lami ilipokuja, kila kitu kilisogea. Pori tulilokuwa tukilipita baada ya Bunju likawa viwanja, kisha nyumba. Mapinga na Kerege zikajaa watu wanaofanya kazi Dar na kurudi jioni. Hoteli zikaota ufukweni. Barabara ile ni neema na sitaki kuidharau: wagonjwa wanawahi hospitali, samaki wanawahi soko. Lakini shangazi alikuwa amefariki, na mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu tulikwenda hotelini, wakaogelea, wakala chipsi, na saa kumi tukageuza gari. Tulikuwa tumefika Bunju nilipotambua kwamba kutwa nzima hatukubisha hodi kwa mtu yeyote. Niliona haya.

Siku hizi tunaanzia Kaole, kusini kidogo ya mji, asubuhi kabla jua halijakaza. Tunamchukua muongozaji mzaliwa wa pale, mzee anayejua kuongea na watoto. Anawaonesha misikiti ya mawe iliyobaki magofu, na nguzo za makaburi zilizokuwa zimepachikwa mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Anawaeleza pia kwamba palikuwa na bandari mpaka mikoko ikaifunga. Mwanangu wa mwisho alitaka kujua nahodha aliegesha wapi jahazi lake. Mzee akamshika mkono wakaenda kupatafuta. Baadaye tunapita jirani na chuo cha sanaa, na tukibahatika tunasikia ngoma za mazoezi. Samaki tunakula sokoni, si hotelini. Na kabla ya kuondoka napita kwa jirani wa shangazi aliye hai bado, wanangu wamwamkie, awaambie baba yangu alikuwa mtundu kiasi gani.

Mbuyu nao haukuacha kunenepa. Mnyororo umebaki kipande kifupi tu. Wapeleke wanao wauguse ungali unaonekana.