Majestic ya Vuga na barua ya kina mama

Apitaye Vuga, mjini Zanzibar, huliona jengo la Majestic limechakaa, akaendelea na safari yake. Sisi tulio katika miaka ya thelathini hatukuikuta sinema hiyo katika ubora wake. Tuyajuayo tumeyapokea kwa mama zetu na bibi zetu, na machache kwa walimu wetu, ambao waliitaja sinema pamoja na kamari, kisha wakafungua ukurasa mwingine.

Jumba la kwanza lilifunguliwa hapo mwaka 1921 kwa jina la Royal. Ramani yake ilichorwa na J. H. Sinclair, Mwingereza yule yule aliyeuachia mji wetu majengo ya serikali yenye matao na kuba, na mwenye mali alikuwa Mwislamu, mfanyabiashara Jariwalla. Baadaye likaitwa Majestic, likateketea kwa moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, na hili la leo, lenye kuta nyofu zisizo na kuba wala nakshi, likajengwa mwaka 1955. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sinema zikaingia mikononi mwa Serikali. Miaka ya 1970 ikaja televisheni ya rangi, Zanzibar ikiitangulia Bara kwa takriban miaka ishirini, kisha ikaja video, na watu wakabaki majumbani.

Hayo ni ya kuta. Linalotushughulisha sisi ni kwamba sinema za mji huu zilikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao. Bibi zetu, ambao kutoka kwao kulikuwa kwa harusi, maziko na kuzuru jamaa, walivaa mabuibui yao wakaenda kwa makundi, watoto wakiwa mkononi, kutazama filamu za Kihindi na za Kimisri. Kihindi hawakukijua, aliyekwisha kuiona filamu aliwafasiria wenzake, na waliobaki wakafahamu kwa machozi. Sikukuu ya Idi ilipofika, fedha walizopewa watoto ziliishia Mnazi Mmoja na kwenye dirisha la tiketi. Filamu zilikaguliwa na bodi kabla ya kuonyeshwa. Ukaguzi ule ulianza kwa maslahi ya wakoloni, wala hatuusifu. Lakini palikuwa na mlango, na saa ya kuingia na ya kutoka. Bibi mmoja wa mtaani kwetu hutuambia kuwa aliyefanya upuuzi ndani ya ukumbi, habari zake zilimtangulia nyumbani.

Tunayasimulia haya kwa sababu ya barua iliyowasilishwa kwenye kamati ya msikiti wetu. Kina mama wa mtaa wameomba ukumbi wa madrasa ufunguliwe alasiri moja kwa wiki, kwa wanawake na watoto tu, waonyeshwe kwa projekta filamu zitakazochaguliwa na wao wenyewe pamoja na walimu. Wamesema wazi kwamba watoto wao hutazama wanachokitaka kwenye simu, chini ya shuka, na mama hajui.

Baadhi ya wazee wetu, Mwenyezi Mungu awape umri, wameuliza iwapo tunataka kuigeuza madrasa kuwa Majestic. Swali lao si la kubezwa: ukumbi ule umejengwa kwa sadaka, na waliotoa walikusudia Qur'ani isomwe. Nasi tunaona kwamba kilichosomwa ndani yake asubuhi hakiondoki kwa sababu alasiri mama ameketi na wanawe kutazama kisa ambacho atawaeleza maana yake. Tena, aliyezisikia habari za bibi zetu ataona kuwa kina mama hawa hawakuleta jambo geni.

Tumependekeza majaribio ya miezi mitatu, vipindi viwe baina ya Alasiri na Magharibi, na mlango usimamiwe na kina mama wenyewe. Imebaki kukubaliana nani atakuwa na ufunguo, na projekta itaazimwa wapi. Kikao ni Alhamisi, baada ya Isha.