Spika Iliyopasuka

Kwa Kiswahili, duma ni yule mnyama anayewashinda wote mbio. Kwa Kikuyu kuna neno linalokaribiana nalo ambalo ni giza, na ni hilo giza Martin Khanja na Sam Karugu walikuwa nalo akilini walipoipa bendi yao jina la Duma, hapa Nairobi mwaka 2019. Hawakuwa wanagenzi. Walikuwa wametoka kwenye bendi za metali za hapa hapa, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Wakapanda kwenda Kampala, wakarekodi, na Nyege Nyege Tapes ikaitoa albamu yao Agosti 2020, wakati sisi wengine tulikuwa tunakimbizana na kafyu.

Niliisikilizia Nyayo Highrise, kwenye nyumba ambayo ukuta wake unakuambia jirani anapika nini. Ndugu yangu mdogo alivumilia dakika mbili hivi, akatoa earphone sikioni. "Sista, hii kitu si yetu. Hawa wanaiga wazungu tu."

Kumbe huko nje wahakiki walikuwa wanasema kinyume kabisa, kwamba hakuna kitu kama hiki duniani. Ukitazama vizuri, wote walikuwa wanapima kwa kipimo kimoja: je, Afrika iko ndani? Ndugu yangu hakuisikia. Wale wengine walishaisikia hata kabla ya kubonyeza, kwa sababu jina lilikuwa la Nairobi.

Sepultura wa Brazil walitoa Roots mwaka 1996, na humo wakarekodi pamoja na watu wa Xavante. Naipenda sana albamu hiyo. Lakini iliacha deni: bendi ya metali kutoka upande huu wa dunia ikitaka kuitwa ya kwake, inatarajiwa ilete ngoma za babu, filimbi, na kama inawezekana mzee mmoja wa kijijini. Duma hawakulipa deni hilo. Hata mpiga ngoma hawakuwa naye. Mapigo yote yanatoka kwenye mashine, yanakimbia kwa kasi ambayo mkono wa binadamu haufiki, halafu ghafla yanakatika kama stima inapopotea. Gita la Karugu limesagwa mpaka huwezi kusema ni gita. Juu ya hayo yote kuna koo la Khanja, ambalo mimi siwezi kulieleza zaidi ya kusema kwamba hata meno unayasikia.

Sasa niambie hiyo ni ya wazungu wapi.

Mimi nimelala miaka mingi kati ya reli inayopita Kibera na magari ya Mbagathi Way. Najua sauti ya grainda ikikata chuma cha mlango. Najua jenereta. Zaidi ya yote najua kesha ya Ijumaa: kinanda kimoja, maikrofoni mbili, na spika iliyopasuka siku nyingi ambayo hakuna mtu ana haraka ya kuitengeneza, kwa sababu inasikika mbali zaidi ikiwa hivyo. Kufika saa nane usiku, mhubiri hasemi maneno tena. Ni mngurumo mtupu, na watu wanalia kwa furaha. Ule mkwaruzo ambao wapiga gita wa Birmingham walitafuta kwa vifaa vya pesa nyingi, sisi tuliupata bure mtaani, na tukausujudia. Jirani wangu wa chini, ambaye hakosi kesha, alinikanya kwa upole wake wote: "Mamii, huo wimbo wako una roho chafu. Nikuombee?" Nilimwambia aniombee. Sikumwambia kwamba mhubiri wake na Khanja wanaingia kwa mlango mmoja.

Hapo ndipo naona upya wa Duma. Hawakuongeza kitu cha Kiafrika juu ya metali. Waliifungua metali ikapokea kelele ambazo sisi tayari tunaishi nazo, bila kuzipamba na bila kutoa maelezo.

Khanja sasa anatembea peke yake, kwa jina la Lord Spikeheart, na Aprili 2024 alitoa The Adept chini ya lebo yake mwenyewe, Haekalu. Niliingoja kwa hofu. Msanii akishaitwa wa kipekee, hatari ni aanze kuigiza upekee wake. Na kweli kuna mahali naona wageni wamezidi: kila wimbo una fundi mwingine wa sauti, na unaweza kuhisi mtu anabadilishiwa chumba kabla hajakaa. Backxwash, mzaliwa wa Zambia anayerap Kanada, yumo pia. Lakini kila chumba koo ni lile lile, na safari hii lina mtu wa kumlilia.

Khanja ni kitukuu wa Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyepewa cheo cha fildimasho katika Mau Mau. Albamu imetolewa kwa heshima yake. Alifariki Septemba 2023. Nywele alizoanza kufuga msituni alikaa nazo hadi 2022 ndipo zikanyolewa. Kwetu, vita vile vilisimuliwa kwa kunong'ona. Cucu yangu aliishi kijiji cha dharura, na ukimuuliza alikuwa anaanza kuchambua mboga. Kwa hivyo ninapomsikia Khanja akipasua sauti juu ya mapigo ya mashine, sisikii shetani, na wala sisikii Marekani. Nasikia mtu ambaye kwao hawakunong'ona.

Nilimweleza ndugu yangu hayo. Bado hajaipenda albamu. Anasema ni ndefu na inamuumiza kichwa, na hapo kuhusu urefu hajakosea. Ila jana, tukipanda ngazi na mitungi ya maji, aliniuliza Muthoni alikaa msituni mpaka lini.

"Mpaka uhuru," nikamwambia.

"Na hakushikwa?"

Tulikuwa hata hatujafika orofa ya tatu.