Anua kwanza

Nimekuwa kimya wiki mbili hivi. Sababu ni aibu, na aibu ikishasemwa hupungua, basi acha niiseme.

Mimi habari zangu huziweka kwenye Git, ile programu aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa Linux. Ni chombo cha waandika programu, lakini hata mwandishi wa habari kinamfaa: ukiridhika na ulipofika unaweka komiti, na siku yoyote unaweza kurudi kutazama habari ilivyokuwa pale.

Siku hiyo nilitoka Wete kwa bibi mmoja mwenye mikarafuu, nikakaa Chake Chake kuyaandika maneno yake. Saa tatu nzima, bila komiti hata moja. Mara mhariri akapiga simu: anataka habari ilivyokuwa juma lililopita, sasa hivi! Nikaiamuru Git irudi nyuma. Ikakataa, ikanionya kuwa mabadiliko yangu yatafutika. Mimi na haraka zangu nikaandika git checkout -f. Hiyo -f ni ya kulazimisha. Ikatii. Saa tatu zangu zikaenda, na sauti sikurekodi.

Kosa ni langu. Git ina adabu: kama faili uliyoigusa haitofautiani kati ya komiti mbili, unahama na mabadiliko yako. Yakigongana, inakusimamisha. Mimi nilisimamishwa nikapita.

Kesho yake nikarudi Wete. Karafuu zilikuwa zimeanikwa uani kwenye majamvi. Hata shikamoo sijaimaliza, wingu likafunga.

“Mwanangu, wacha maneno, tuanue kwanza!”

Tukazoa, tukatia ndani. Mvua ikapita, tukaanika tena. Nikamweleza yaliyonipata, akacheka sana.

“Kumbe yako yananyeshewa nawe unatazama tu?”

Jamani, kumbe kuanua kwenye Git kupo! Unaandika git stash, mabadiliko yanawekwa kando na meza inabaki safi. Unakwenda kwenye komiti ya zamani, unachukua unachotaka, unarudi kwenye tawi lako. Kisha git stash pop, na kazi inaanikwa tena pale pale. Kama kuna faili mpya ambazo Git haijazijua, ongeza -u, maana bila hiyo haizianui. Na ukiona mgongano wakati wa kuzirudisha, usiogope: nakala iliyowekwa kando haifutwi mpaka uifute mwenyewe.

Bibi alinisimulia upya, na habari ikatoka. Lakini yale aliyoyasema siku ya kwanza kuhusu marehemu mumewe hakuyarudia, nami sikuthubutu kumwuliza. Hayo hayamo gazetini, hayamo kwenye Git, na kila nikijaribu kuyakumbuka napata nusu tu.

Haya ndugu zangu, kabla hamjahama, anueni.