Kijiji cha Watu si Pazia la Picha



Msimu huu mabiharusi wengi wananiletea picha kwenye simu wakitaka nguo ya usiku wa hina ya Kimoroko. Kaftani naipenda kuishona. Tatizo ni picha zenyewe, maana nyingi zimetolewa kwenye filamu: mwanamke kavaa gauni lisilo na mikono, mgongo nusu wazi, na nyuma yake majumba ya udongo yamepanda kilima. Ukimwambia biharusi hilo halina sitara, anakujibu, "Mbona huko ni kwa Waislamu na wanavaa?"

Basi tuseme huko ni wapi. Majumba yale ni kijiji cha Aït Benhaddou, kusini mwa milima ya Atlas, kama kilomita 30 kutoka mji wa Ouarzazate. Zamani misafara baina ya Sahara na Marrakech ilipita hapo. Kuna msikiti, kuna makaburi ya Waislamu na ya Mayahudi, na mwaka 1987 UNESCO ilikiingiza kwenye Urithi wa Dunia. Wenyeji ni Waamazighi, Waislamu kama mimi na wewe. Siku hizi familia nyingi zimehamia ng'ambo ya mto kwenye nyumba mpya, na zilizobaki kule juu ni chache.

Filamu zimekipita kijiji hiki miaka mingi. Lawrence of Arabia ya 1962 ilipigwa hapo. Gladiator ya 2000 ilikifanya mji chini ya Warumi, wakajenga na uwanja wa mapambano wa kuigiza. Tamthilia ya Game of Thrones (sikushauri uiangalie) ilikigeuza mji wa watumwa usiopo duniani. Lile gauni la mgongo wazi, shoga yangu, limetoka kwa mbunifu wa mavazi ya tamthilia. Halikutoka kwenye sanduku la mama wa Kimoroko.

Kaftani ya kweli inafika chini, mikono mirefu na mipana, mbele safu ya vifungo vidogo vya uzi vinavyosokotwa kwa mkono, na utepe wa kusukwa pembeni. Takshita ni nguo mbili, ya ndani na ya juu iliyo wazi mbele, na mkanda mpana kiunoni. Fundi akikwambia vifungo vyote vile atavisokota mwenyewe kwa siku mbili, jua anakubandikia vya dukani.

Siwalaumu watu wa kule kupokea filamu. Watu wanapata vibarua vya kuigiza kwenye makundi, vya useremala, hata vya kushona. Angalau wao wanajua kamera inakuja na wamekubaliana malipo.

Huku kwetu ndiyo napata uchungu. Wapiga picha wamegundua kuwa nyumba ya udongo na makuti inapendeza nyuma ya shela, basi maharusi wanapelekwa mashamba, gari linasimama, watu wanashuka, hodi hakuna. Harusi moja niliyoishonea nguo ilikwenda hivyo. Video ikatoka nzuri, biharusi kajisitiri vizuri, hata unywele hauonekani. Nyuma yake, mlangoni kwake, mama mtu mzima na kanga moja kifuani, kichwa wazi, anapepeta mchele wake.

Ilizunguka kwenye magrupu siku mbili, tatu, mpaka ikawafikia wanawe mjini.

Biharusi alipojua alilia. Akaiondoa, akenda shamba na mama yake kumtaka radhi yule bibi, wakamchukulia na buibui. Bibi akawapokea, akawapikia chai, akasema yamekwisha. Ila aliuliza kama sasa hakuna tena anayeiona, na pale hakuna aliyeweza kumjibu.