Neno Jinsia Nililojifunza Konyo Konyo

Muhula wangu wa masomo hapa Juba umekwisha. Mtihani wa mwisho niliufanya juma lililopita, vitabu vya maktaba nimevirudisha, na kesho alfajiri nitapanda basi la kuelekea Kampala. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa nini mwalimu wa Kiswahili mwenye mvi arudi darasani kukaa dawati moja na vijana, tena katika mji ambao wengi wetu huusikia redioni pale tu zinapotajwa bunduki. Mnastahili jibu kabla sijafunga sanduku. Jibu lenyewe lina upande wa furaha na upande wa uchungu, nami naanza na wa furaha kwa kuwa ni mwepesi kuueleza.

Nilikuja kujifunza Kiarabu cha Juba. Hicho sicho Kiarabu cha Kairo, wala sicho cha madrasa. Kilizaliwa katika kambi za askari na wafanyabiashara wa karne ya 19 kwenye Mto Nile wa juu, ambako Wabari, Wadinka, Wamadi, Wamoru na wengine wengi, baadhi yao wakiwa watumwa na baadhi askari wa kulazimishwa, walihitaji lugha moja ya kuelewana. Minyumbuliko mingi ya Kiarabu ilipukutika njiani. Ukitaka kusema "ninakwenda", utasema "ana gi ruwa"; ukitaka "nitakwenda", utasema "ana bi ruwa". Mwanafunzi wa Kiswahili anayehangaika na ngeli zetu angeona amefika peponi.

Darasani tulisoma asubuhi. Mchana nilikwenda Konyo Konyo, soko lililo karibu na mto, na huko ndiko nilikojifunza. Nyanya, vitunguu na ndizi nyingi huletwa kwa malori kutoka Uganda, na wauzaji wengi wametoka huko pia. Mama mmoja muuza chai, aliyeketi na birika lake na makopo ya sukari, karafuu na tangawizi, aliniita "ustaz" tangu siku ya kwanza na hakukubali kunihudumia mpaka niagize kwa lugha yake. Hatua kumi mbele yake, muuza viatu kutoka Eldoret aliniita "mwalimu" na kunikaribisha kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikalenjin. Kati ya hao wawili nilisikia Kibari, Kiacholi, Kiganda na Kiamhari. Kuhesabu hakukunisumbua sana, kwa maana sita, saba na tisa zetu zilitoka katika Kiarabu, kama zilivyotoka soko, duka, sukari na safari yenyewe. Kilichonisumbua ni noti. Paundi ya Sudan Kusini, iliyozinduliwa Julai 2011 mara tu baada ya uhuru, imeporomoka thamani kiasi kwamba unabeba furushi la sura za marehemu John Garang ili kununua kilo ya samaki mkavu.

Sasa, kwa nini nisipande ndege moja kwa moja hadi Dar es Salaam? Kwa sababu lugha niliyojifunza haikuishia Juba. Vita vya Mahdi vilipoikata Jimbo la Ikweta na Misri katika miaka ya 1880, gavana wake Emin Pasha alirudi nyuma kusini pamoja na askari wake. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwakuta mabaki yao karibu na Ziwa Albert, akawachukua kwa utumishi wa Waingereza, nao wakashuka na wake zao, watoto wao na lugha yao hadi Uganda na baadaye Kenya. Wajukuu wao ndio Wanubi. Wako Bombo, mji mdogo ulio kaskazini mwa Kampala kwenye barabara ya Gulu, na wako Kibera, Nairobi, mahali ambapo jina lake linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Kinubi na Kiarabu cha Juba ni ndugu wa tumbo moja waliotengana kwa zaidi ya miaka 130. Kinubi kimekunywa Kiswahili kingi njiani. Mwalimu wa Kiswahili atapitaje Bombo bila kushuka?

Safari hii nilipanga kuifanya na mwenzangu wa dawati. Ni binti Mkuku wa Kajo-Keji, mwenye sikio la lugha kuliko sisi sote darasani, na alikuwa amepata nafasi ya kusoma Kiswahili kwa muhula mmoja Dar es Salaam. Tungeshuka Bombo pamoja, yeye asikilize kwa sikio la mzawa na mimi niandike, kisha Kibera, kisha twende pwani. Kesho nitaondoka peke yangu. Hana jinsia.

Tulia, msomaji, usicheke bado. Hapa Juba "jinsia" ni cheti cha uraia. Kwa Kiarabu neno hilo lina maana ya utaifa, na ndiyo karatasi ambayo bila hiyo hupati pasipoti. Sisi tulilichukua neno lilelile tukalipa kazi ya kutofautisha wa kike na wa kiume. Mara ya kwanza nilipomsikia kijana sokoni akilalamika kwamba ameizungukia jinsia yake miezi sita, nilidhani sikumsikia vizuri.

Binti huyu alizaliwa upande wa Uganda, katika wilaya ya Moyo, wazazi wake wakiwa wakimbizi wa vita vya zamani. Mpaka ule uliwapasua Wakuku na majirani zao kama kisu kinavyopasua papai, na mtu wa kule hubeba lafudhi ya pande zote mbili. Baba yake amekwisha kufariki. Mama yake alikimbia tena mwaka 2016, na sasa yuko Bidibidi, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka huo huko Yumbe, pamoja na mdogo wa marehemu baba, mzee asiyeweza tena kusafiri. Aliyebaki Juba ni mjomba, kaka wa mama, anayeuza samaki wakavu hapahapa Konyo Konyo. Mzee huyo alifunga meza yake siku tatu tofauti, akavaa shati lake safi, akaenda kumtolea ushahidi mpwa wake katika ofisi moja. Mara zote tatu akaambiwa hafai. Walimtaka ami, ndugu wa baba. Mara ya tatu karani aliongeza kwamba jina la binti lina harufu ya Uganda.

Nisemeje juu ya hilo? Nitasema lisemwavyo na sheria. Sheria ya Uraia ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inamtambua kuwa raia mtu ambaye mzazi wake, babu au bibi yake, au hata mzazi wa babu yake, kwa upande wa kiume au wa kike, alizaliwa katika nchi hii. Inamtambua pia mtu wa mojawapo ya makabila ya asili ya nchi. Katiba ya Mpito ya mwaka huohuo, ibara ya 45, inasema kwamba kila aliyezaliwa na mama au baba Msudani Kusini ana haki isiyoondosheka ya kuwa raia. Upande wa kike umeandikwa, mama ameandikwa. Mjomba aliyezaliwa tumbo moja na mama huyo anawezaje kuwa si shahidi? Karani yule hakuwa akitekeleza sheria. Alikuwa akitekeleza mazoea ya ukoo, akayapiga muhuri wa serikali. Ninyi mlio walimu wa uraia mnajua jinsi ilivyo vigumu kumfundisha mwanafunzi tofauti ya mambo hayo mawili. Mfano wangu sasa ninao.

Wala msidhani ni ugonjwa wa Juba peke yake. Wanubi ninaokwenda kuwaona Kibera wanaujua tangu babu zao. Waliitumikia dola ya Uingereza, wakapewa mahali pa kukaa, kisha Kenya huru ikawatazama kama wageni. Kijana wa Kinubi akifika umri wa miaka 18 na kuomba kitambulisho, alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji, na aliulizwa hati za babu yake ambazo jirani yake wa kabila jingine hakuulizwa kamwe. Kesi ya watoto wa Kinubi ilifika mbele ya Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, na Machi 2011 kamati hiyo iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za watoto hao, ikiwamo haki ya kuwa na utaifa tangu kuzaliwa. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwapa Wanubi wa Kibera hati ya ardhi ya ekari 288. Kwa hiyo jambo hili hubadilika, ingawa kwa mwendo wa kobe, na tena baada ya watu kulishikilia kwa miaka.

Nilipokuwa chuoni miaka ya nyuma nilikuwa na rafiki Mjerumani aliyesoma muhula mmoja Italia chini ya mpango wa Erasmus, ule ulioanza mwaka 1987. Muhula ulipokwisha hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alipanda treni akaenda Ufaransa, kisha Hispania, kisha Ureno, mfukoni akiwa na kitambulisho cha kwao tu. Alinisimulia safari ile kama mtu anayesimulia kwenda sokoni na kurudi. Kilichonishangaza wakati ule ni treni. Leo, nikiwa nimeketi kwenye benchi la mama muuza chai, kinachonishangaza ni kile kitambulisho. Vijana wale hawakupewa miguu mirefu kuliko wetu. Serikali zao zilikaa zikapatana, kuanzia Schengen mwaka 1985, na kabla ya hapo kila nchi ilikuwa imekwisha kuwaandikisha watu wake.

Sisi nasi tumepatana, angalau kwenye karatasi. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kifungu cha 7 kinaahidi watu kutembea huru. Mei 2017 wakuu wa nchi waliitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangu mwaka 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda huvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Sudan Kusini, iliyoingia mwaka 2016, haimo katika mpango huo, na Tanzania yangu pia haimo, jambo ninaloliandika bila fahari. Mwaka 2021 Kenya na Uganda ziliwaondolea Wasudani Kusini mzigo wa viza. Hatua njema kabisa! Lakini viza huondolewa kwa mwenye pasipoti. Asiye na cheti cha uraia hata lango hilo hajalifikia. Milango yote ya Jumuiya inaweza kufunguliwa siku moja, naye akabaki amesimama mbele ya meza ya karani wa kwao.

Ndiyo maana ninawaomba, mkiwa Songea, Kisumu au Goma, mlitazame sanduku la hati la nyumbani kwenu leo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kipo? Kadi ya kliniki je? Majina ya bibi wa upande wa mama, na kijiji alichozaliwa, kuna aliyeyaandika? Binti huyu alikuwa na cheti cha ubatizo cha mama yake. Kiliungua pamoja na nyumba.

Mjomba hajakata tamaa. Mwanasheria mmoja kijana, mteja wake wa samaki, amekubali kumwandikia barua inayonukuu kifungu cha sheria neno kwa neno, na wataipeleka ofisini Jumatatu. Binti ameandikiwa na chuo cha Dar es Salaam kwamba nafasi yake itangoja hadi mwisho wa mwezi ujao. Mimi sina la kuongeza juu ya hayo isipokuwa nauli, ambayo nimemwachia mjomba, naye ameifunga katika kitambaa kilekile anachofungia fedha za samaki.

Kuhusu safari yangu: barabara ya Juba hadi Nimule ni kilomita 192 za lami, ilikamilika mwaka 2012, na si salama kila siku. Agosti 2021 watawa wawili waliuawa humo wakirejea kutoka Loa. Magari husafiri mchana, na mabasi huondoka mapema. Tiketi yangu imeandikwa saa tano, nami nimelazimika kujikumbusha kwamba hapa "saa khamsa" ya alfajiri ni saa kumi na moja yetu. Isitoshe, tangu Februari 2021 Sudan Kusini imerudisha saa zake nyuma kwa saa moja, hivyo wakati huo Kampala itakuwa saa kumi na mbili. Nikivuka Elegu nitasogeza mshale.

Binti amenipa karatasi yenye maneno arobaini ya Kiarabu cha Juba, na mbele ya kila neno ameacha nafasi tupu nijaze Wanubi wa Bombo wanavyolitamka. Ameniagiza niwaulize wazee, si vijana, na niandike jina la mtaa kando ya kila jibu. La kwanza katika orodha ni neno la kumwita mjomba. Picha ya karatasi hiyo nitamtumia kwa simu kutoka Bombo, kesho kutwa jioni, ikiwa mtandao utakubali.