Small Heath: mtaa uliozaa pikipiki, na chuma kilicholika

Msafiri atokaye katikati ya jiji la Birmingham, Uingereza, akaifuata Coventry Road upande wa kusini-mashariki, hufika Small Heath kabla miguu haijaanza kulalamika. Ni mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizobanana ukuta kwa ukuta. Kwenye barabara kuu kuna maduka ya vitambaa vya harusi, wauza matunda waliopanga maembe nje ya milango, mabucha ya nyama halali, na migahawa ya Kisomali ambamo mgeni kutoka pwani yetu huagiza wali na nyama ya mbuzi bila kuhitaji kuelezwa kitu. Lugha zinazopishana hapo ni Kiurdu, Kipunjabi, Kibengali, Kisomali na Kiarabu, na mara mojamoja, kwa mwenye sikio, Kiswahili.

Waislamu wa mtaa huu wana misikiti mingi, lakini unaojulikana zaidi uko Green Lane. Jengo lake ni la matofali mekundu na nakshi za udongo wa kuchoma, lina mnara wa saa, na lilijengwa kati ya mwaka 1893 na 1902. Halikujengwa kuwa msikiti. Lilikuwa maktaba ya umma na nyumba ya kuogea, kwa wafanyakazi ambao wengi wao hawakuwa na bafu majumbani mwao. Waliolinunua katika miaka ya 1970 hawakulivunja ili waanze upya. Kuta walizozikuta ni nzima waliziacha, na walichohitaji wakakiongeza.

Wale wafanyakazi walitoka wapi? Wengi wao walitoka viwandani, na kiwanda kikubwa kuliko vyote mtaani kilikuwa umbali mfupi tu kutoka hapo, penye barabara ambayo hadi leo inaitwa Armoury Road, yaani barabara ya ghala la silaha. Mwaka 1861 wafua bunduki 14 wa Birmingham waliungana wakaunda kampuni iliyoitwa Birmingham Small Arms, ambayo dunia iliifahamu baadaye kwa herufi tatu: BSA. Kiwanda chao kilianza kujengwa Small Heath mwaka 1863. Biashara ya bunduki ina msimu wa vita na msimu wa amani, na wakati wa amani mashine zilikaa bure. Ndipo kampuni ikageukia baiskeli, na mwaka 1910 ikaonesha pikipiki yake ya kwanza. Nembo yake iliendelea kuwa bunduki tatu zilizoegemezana.

Usiku wa tarehe 19 Novemba 1940, ndege za Ujerumani zilikipiga mabomu kiwanda hiki wafanyakazi wa zamu ya usiku wakiwa ndani. Watu 53 walipoteza maisha. Hata hivyo kazi iliendelea, na katika miaka ya vita kampuni ilitoa pikipiki za kijeshi aina ya M20 zipatazo 126,000. Baada ya vita ilitoa Bantam, pikipiki ndogo iliyobeba vijana wa posta na simu zao za maandishi, na A10 ya injini ya sentimita za ujazo 646, ambayo ilipotoka kwa rangi ya dhahabu ilipewa jina la Golden Flash. Katika miaka ya 1950, BSA ilihesabiwa kuwa mtengenezaji mkubwa wa pikipiki kuliko wote duniani.

Kisha mambo yakageuka. Miundo ilizeeka, pikipiki za Japani zikaja zikiwa hazivuji mafuta na zinawaka kwa kubonyeza kitufe, na madeni yakaongezeka. Mwaka 1973 mabaki ya kampuni yaliunganishwa na makampuni mengine, na kabla ya muongo ule kwisha sehemu kubwa ya kiwanda ilikuwa imebomolewa. Anayekwenda leo Armoury Road ataona maghala na karakana za kawaida, na maji ya mfereji yakipita taratibu ubavuni. Asipoambiwa, hatajua.

Lakini pikipiki zenyewe hazikufa pamoja na kiwanda. Nyingi zingali zinakimbia, na kila iliyo hai ina fundi nyuma yake. Mmoja wa mafundi hao ni mzee ninayemfahamu, anayefanya kazi katika banda lililo nyuma ya nyumba yake, mitaa michache kutoka palipokuwa kiwanda. Alizaliwa Kampala, akajifunza ufundi akiwa kijana katika gereji ya ami yake, na alikuwa miongoni mwa Waasia zaidi ya 27,000 waliopokewa Uingereza baada ya Idi Amin kuwapa siku 90 za kuondoka Uganda mwaka 1972. Kiswahili chake ni cha gereji za Kampala, chepesi na cha moja kwa moja. Nilipomtembelea alikuwa ameinamia A10 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ubavu wa kushoto ukiwa wazi.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Shika tochi hii, macho yangu siku hizi yanaomba msaada."

Pikipiki ile ilikuwa ya jirani yake marehemu, Mwingereza aliyefanya kazi BSA mpaka milango ilipofungwa. Mjane wake alitaka mjukuu wao aiendeshe, na alikuwa na ombi moja: kila kinachoweza kubaki kibaki. Tatizo lilikuwa klachi. Kijana akisimama penye taa za barabarani, huku amevuta mkono wa klachi hadi mwisho, pikipiki ilikuwa ikijisukuma mbele kama mbuzi anayeona majani. Gia zilisaga, na gia huru haikupatikana mpaka injini izimwe.

Kwa msomaji asiyewahi kuiona klachi ikiwa wazi, mzee alinieleza hivi. Kuna chuma cha duara, mfano wa sufuria fupi iliyokatwa mianya pembeni. Hiyo ndiyo nyumba ya klachi. Injini huizungusha kwa mnyororo. Ndani yake hupangwa pleti za aina mbili kwa kupokezana. Za kwanza zina masikio yanayoingia katika mianya ya nyumba, kwa hiyo huzunguka pamoja na injini. Za pili zina meno ya ndani yanayoshika kitovu, na kitovu kimefungwa kwenye shafti ya gia. Springi zikizibana pleti zote pamoja, nguvu ya injini hupita ikafika gurudumuni. Dereva akivuta mkono wa klachi, springi hurudishwa nyuma, pleti huachana, na kila upande hubaki na mwendo wake.

"Sasa tazama hapa," alisema, akaelekeza kidole kwenye ukingo wa mwanya mmoja.

Ukingo uliopaswa kunyooka ulikuwa na vishimo vilivyopangana kama ngazi, kimoja kwa kila pleti. Kila dereva anapoongeza au kupunguza mwendo, masikio ya pleti hugonga kingo za mianya. Pigo moja si kitu. Mapigo ya miaka 60 huchimba. Pleti zinapotakiwa kuteleza ziachane, masikio yake hunaswa katika vile vishimo, zikabaki zimeshikamana nusu. Springi mpya au kurekebisha waya hakutibu maradhi haya, ingawa ndiko watu wengi wanakoanza, kwa sababu ni rahisi na kunafanywa bila kufungua kifuniko.

Mzee aliitoa nyumba ile, akaiosha kwa mafuta ya taa, akaikausha kwa kitambaa, kisha akaishika kwa ncha za vidole na kuizungusha sikioni kusikiliza beringi. Halafu akachukua kipimo, wala hakuigusa tupa.

"Wako wanaoanza na tupa, kisha ndipo wapime," alisema. "Chuma ulichokipiga tupa hakirudi."

Akapima mwanya mmoja baada ya mwingine na kuandika kwa penseli juu ya kipande cha kadibodi. Nilimuuliza kwa nini asisawazishe tu vile vishimo, kazi ikaisha. Alijibu kwamba vishimo vikiwa vyembamba, hiyo ndiyo dawa: nyumba hubanwa kwenye jiliwa, midomo ya jiliwa ikiwa imevikwa shaba au bati laini, na kila ukingo hupigwa tupa bapa hadi unyooke. Sharti ni kwamba mianya yote ipunguzwe kwa kiasi kimoja, ili kila sikio libebe sehemu yake ya mzigo. Mwanya mmoja ukizidi, masikio machache ndiyo yatakayobeba kazi ya yote, nayo yatavunjika.

Lakini tupa ina mpaka. Kila unapoondoa chuma, mwanya hupanuka na sikio hupata nafasi ya kucheza. Likicheza, hupiga kwa nguvu zaidi, na vishimo vipya huja upesi kuliko vya kwanza. Pia vile vidole vya chuma vilivyo kati ya mianya huzidi kuwa vyembamba. Ndiyo maana fundi anayesawazisha vishimo virefu huipeleka klachi mbele kwa msimu mmoja tu, huku mwenye chombo akiamini imepona.

Njia ya pili ni kujaza vishimo kwa kuchomelea, kisha kuchonga upya. Mzee amewahi kuifanya kwa pikipiki ambazo vipuri vyake havipatikani. Hatari yake ni moto: nyumba ikipinda kidogo tu, haitazunguka sawa, na mnyororo utavutika upande mmoja na kulegea upande wa pili katika kila mzunguko. Njia ya tatu ni kuiweka pembeni na kutafuta mpya, kwa kuwa zipo karakana ndogo ambazo bado zinatengeneza vipuri vya pikipiki hizi.

Vishimo vya nyumba ile vilizidi milimita moja pande zote mbili za mianya. Mzee alikaa kimya akiitazama kadibodi yake. Nilifahamu uzito wa kimya kile. Kupiga tupa kungemfurahisha mjane siku ile, na pikipiki ingetoka bandani ikiwa na vyuma vyake vyote vya asili. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa yeye na kipimo chake. Ila ambaye angesimama nayo penye taa za Coventry Road, mabasi yakiwa mbele na nyuma yake, ni kijana wa miaka 19.

Akaivua aproni, akanawa mikono, tukavuka njia hadi kwa jirani. Mjane alitukaribisha kwa chai. Mzee aliweka nyumba ya klachi mezani juu ya gazeti, akamwonesha vishimo, akampa ukucha wake mwenyewe avipapase.

"Nilikuahidi kubakisha kila ninachoweza," alimwambia kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Hii siwezi."

Mama yule aliigeuzageuza kwa muda mrefu. Akasema huenda mumewe ndiye aliyeifunga kwa mikono yake. Mzee akajibu kwamba huenda, na kwa sababu hiyo amemletea ili yeye mwenyewe aamue pa kuiweka. Akamweleza na vingine: kitovu ni kizima, kitabaki, kifuniko kitabaki, mnyororo utapimwa, pleti zilizopondeka masikio zitabadilishwa. Mjane akauliza bei, wakakubaliana, akamalizia chai yake.

Nyumba mpya ilipofika, nilikuwapo siku ya kuifunga. Mzee alipitisha kila pleti mianyani kwa mkono, akahakikisha inateleza bila kukwama. Alisimamisha springi zote juu ya kioo kulinganisha urefu. Baada ya kufunga, alinitaka nivute mkono wa klachi huku yeye akisukuma kiki polepole, akiitazama pleti ya juu inavyozunguka. Ilikuwa ikiyumba kidogo. Akakaza nati moja robo mzunguko, akalegeza nyingine, tukarudia, mara tano au sita, mpaka ikazunguka imetulia kama sahani juu ya meza. Kazi hii haionekani kwa anayelipa, lakini bila hiyo klachi mpya huvuta kama ile ya zamani.

Jioni kijana aliiwasha, akaingiza gia ya kwanza huku ameshika klachi, na pikipiki ikasimama palepale, injini ikinguruma bila haraka.

Msomaji wetu wa Tanga, Unguja au Mombasa pengine hamiliki BSA, lakini huenda ana Vespa ya baba yake, au kijana wake anategemea bodaboda kwa riziki. Klachi za vyombo hivyo nazo zina nyumba na pleti, nazo hulika vilevile, pigo kwa pigo. Chombo kikianza kujisukuma mbele hali klachi imevutwa, asikubali kubadilishiwa waya na springi peke yake. Aombe kifuniko kifunguliwe, naye atazame kingo za mianya kwa macho yake na kuzipapasa kwa ukucha. Na fundi akisema kitu kimekwisha, amwombe kwa heshima amkabidhi kile kilichotolewa. Fundi mwaminifu hatachukia. Atakifuta mafuta kwanza, kisha atakuonesha palipolika.